Mheshimiwa Yuko Dodoma: Barua Yako Iseme Nini?

Tuseme mama ameteremka na daladala kutoka Kibosho hadi Moshi mjini, mkobani ana risiti za hospitali na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Katibu wa mbunge anamwamkia, anampa kiti, kisha anamweleza kuwa Mheshimiwa yuko Dodoma kwenye Bunge la bajeti, basi aache barua.

Barua za namna hii mara nyingi husema: "Tunaomba bima ya afya kwa wote." Ombi hilo lina jibu tayari. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaisaini mwezi huohuo. Katibu ataigonga barua muhuri na kuitia kwenye faili, wala huwezi kumlaumu.

Kinachomuuma mama huyu ni kingine. CHF iliyoboreshwa ilikuja kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na huduma zake zikaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Mawenzi. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni rufaa ya kanda; ukipandishwa huko, kadi hiyo ilikuwa haikusaidii. Muswada wa bima kwa wote ulipojadiliwa mwaka 2022, Serikali ilitaja shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, zaidi ya mara kumi na moja ya bei ile. Mkulima anayesubiri malipo ya kahawa angezitoa wapi kwa mkupuo?

Wengi humwambia mbunge ashushe bei. Hana uwezo huo peke yake, maana bei ikishuka pengo litahitaji kuzibwa na fedha za umma. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia hoja ya kuongeza kodi au kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa imeletwa na Rais kupitia kwa waziri. Alicho nacho ni swali. Swali la msingi likijibiwa, anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo risiti ya mama inapopata kazi: kiasi alicholipa, tarehe, huduma iliyokataliwa. Jibu la waziri huingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwakani linaweza kurudishwa mezani kwake.

Muhimu pia kujua ni waziri yupi. Zahanati na vituo vya afya vya umma viko chini ya halmashauri, hivyo ni vya TAMISEMI. Mawenzi ni ya Wizara ya Afya.

Kuna mlango mwingine, na kwa maoni yangu ndio unaosahaulika zaidi. Huku mlimani Kilimanjaro hospitali nyingi ni za makanisa: Machame ni ya Walutheri wa KKKT, Kibosho na Kilema ni za Wakatoliki. Ili hospitali kama hizo zitoe huduma kwa niaba ya Serikali, husaini mkataba wa huduma na halmashauri. Mbunge naye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, ila wananchi humkumbuka kwa Dodoma tu. Kwa hiyo nakala ya barua iende kwa diwani, na iulize waziwazi: mkataba wa hospitali yetu unagharamia huduma zipi, halmashauri inadaiwa kiasi gani, na deni litalipwa lini? Barua kama hii ni vyema ifike kabla ya Aprili, Bunge la bajeti linapoanza, na nakala ya mama igongwe muhuri wa kupokelewa.