Wajibu Usiopungua na Mfuko Unaopungua: Halmashauri za England na Nyumba za Matunzo

Utangulizi

Mchungaji aliyezoea kuwatembelea wazee na wagonjwa anajua kwamba swali "Nani atamtunza?" lina pacha wake, nalo ni "Nani atalipa?" Swali hili la pili huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya chumba cha mgonjwa, na mara nyingi ndilo linaloamua jibu la lile la kwanza. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maswali haya mawili yanavyokutana nchini England, ambako sheria imeziwekea halmashauri wajibu wa kuwatunza watu wazima wasiojiweza, na ambako mifuko ya halmashauri hizo imebanwa kwa muda mrefu. Tunaizungumzia England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Hoja yetu ni hii: sheria inapoagiza huduma pasipo fedha za kutosha, mzigo hautoweki, bali huhamishwa kimya kimya kutoka bega moja hadi jingine.

1. Kutoka usharika hadi halmashauri

Matunzo ya maskini nchini England yalikuwa kwanza kazi ya usharika. Sheria ya Maskini ya mwaka 1601 iliagiza kila usharika uwe na waangalizi wa maskini, ambao pamoja na wazee wa kanisa walitoza kodi kwa wenye mali na kuwasaidia wazee, vilema na yatima. Hata wakati huo mfuko ulikuwa na mipaka yake: kwa sheria ya mwaka 1662, mgeni aliyeelekea kuwa mzigo aliweza kurudishwa kwenye usharika alikotoka. Mwaka 1834 sharika ziliunganishwa, na msaada ukafungamanishwa na nyumba za kazi. Maisha humo yalikusudiwa kuwa duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili asiingie mtu ila yule aliyeshindwa kabisa.

Sheria ya Msaada wa Taifa ya mwaka 1948 ilikusudia kuifuta aibu hiyo. Iliziagiza halmashauri kutoa makao kwa wale ambao, kwa sababu ya umri, udhaifu au hali nyingine, walihitaji matunzo wasiyoweza kuyapata kwingine. Mkazi alilipa shilingi 21 kwa wiki kutoka katika pensheni ya shilingi 26, akabakiwa na shilingi 5 mfukoni. Maana yake ni kwamba alikuwa mpangaji, si mwombaji. Hata hivyo, Peter Townsend alipochapisha uchunguzi wake juu ya makao hayo mwaka 1962, alionyesha kwamba wazee wengi walikuwa wangali wanaishi katika majengo yale yale ya nyumba za kazi. Sheria ilikuwa mpya, lakini kuta zilikuwa za zamani.

Jambo jingine la mwaka 1948 lingali na matokeo hadi leo. Matibabu yalifanywa kuwa ya bure kwa wote, bali matunzo katika makao yakabaki kuwa ya kulipiwa kwa kadiri ya uwezo. Kwa hiyo mzee mwenye saratani hutibiwa hospitalini bila malipo, na mwenzake aliyepotewa na kumbukumbu, anayehitaji kulishwa na kuvikwa, kwa kawaida huulizwa kwanza ana mali kiasi gani.

2. Utaratibu ulivyo sasa

Tangu Aprili 1993 halmashauri ndizo zinazopima mahitaji ya mtu na kununua nafasi, hasa kutoka kwa makampuni na mashirika ya hisani, wala si lazima ziendeshe nyumba zenyewe. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2015, imeweka kipimo kimoja cha mahitaji kwa England yote. Wanaohusika si wazee tu. Sehemu kubwa ya fedha huwahudumia watu wazima ambao hawajafikia uzee, hasa wenye ulemavu wa akili, ambao wengine wao huhitaji matunzo maisha yao yote.

Baada ya mahitaji kupimwa, mali huchunguzwa. Mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia gharama zote mwenyewe. Aliye na chini ya pauni 14,250 hachangii kutoka katika akiba yake, bali kutoka katika kipato chake tu. Viwango hivi havijabadilika tangu mwaka 2010, ingawa bei zimepanda sana. Kwa anayehamia moja kwa moja katika nyumba ya matunzo, thamani ya nyumba yake mwenyewe huhesabiwa pia, isipokuwa kama mwenzi wake angali anaishi humo. Hivyo mtu aliyelipia nyumba yake kwa miaka 25 huweza kuiona ikiyeyuka katika miaka michache.

3. Mfuko na mipaka yake

Mapato ya halmashauri hutoka hasa katika ruzuku ya serikali kuu, kodi ya biashara, na kodi ya halmashauri ambayo kila kaya hulipa kufuatana na thamani ya nyumba. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikadiria kwamba fedha kutoka serikali kuu zilipungua karibu nusu, kwa thamani halisi, kati ya mwaka wa fedha 2010/11 na 2017/18. Mwaka 2016 halmashauri ziliruhusiwa kuongeza kodi kwa ajili ya matunzo ya watu wazima. Lakini kodi hiyo bado hutozwa kwa thamani ya nyumba ya mwaka 1991, na ongezeko la asilimia moja huleta fedha chache mahali penye nyumba za bei ndogo. Aghalabu hapo ndipo wasioweza kujilipia walipo wengi.

Zaidi ya hayo, halmashauri hairuhusiwi kukopa ili kulipia matumizi ya kila siku. Afisa wake mkuu wa fedha akiona kwamba matumizi yatazidi mapato, hana budi kutoa tangazo chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya fedha ya mwaka 1988, na matumizi mapya yasiyo ya lazima husimama. Northamptonshire ilitoa tangazo hilo Februari 2018, Croydon mwaka 2020, Birmingham na Nottingham mwaka 2023. Sababu zao hazikuwa zile zile, lakini gharama za matunzo zilikuwa uzito ambao kila moja ilikuwa imeubeba tayari.

4. Mzigo unakohamia

Kwanza, mzigo huweza kuhamia kwenye kipimo cha mahitaji chenyewe. Mwaka 1994 wazee na walemavu wa Gloucestershire, waliokuwa wakifuliwa nguo na kusafishiwa nyumba, waliarifiwa kwamba huduma imepunguzwa kwa kuwa fedha za serikali zimepungua. Mwaka 1997 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba halmashauri yaweza kufikiria uwezo wake inapopima mahitaji ya mlemavu. Hapo pana swali zito: je, haja ya mtu hupungua kwa sababu mfuko wa jirani yake umepungua? Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliweka mpaka katika shauri la Sefton. Halmashauri ilikuwa ikingoja akiba za wazee zishuke hadi pauni 1,500 ndipo iwalipie makao. Mahakama ilisema kwamba ikisha kukiri kuwa mtu anahitaji makao, haiwezi kukwepa wajibu kwa kudai haina fedha. Chini ya sheria ya 2014, haja iliyothibitishwa ni lazima itimizwe, ila gharama huweza kuangaliwa katika kuchagua namna ya kuitimiza.

Pili, mzigo huhamia kwa wanaojilipia. Halmashauri hununua nafasi nyingi, na hivyo huweza kushusha bei. Mwaka 2017 mamlaka ya ushindani iliona kwamba wanaojilipia walitozwa kwa wastani asilimia 41 zaidi ya kiasi kilicholipwa na halmashauri kwa nafasi katika nyumba zile zile. Jirani mezani humlipia jirani bila kujua.

Tatu, huhamia kwa wenye nyumba za matunzo na kwa wafanyakazi. Kampuni ya Southern Cross, iliyokuwa na nyumba zipatazo 750 na wakazi kama 31,000, ilianguka mwaka 2011. Ilikuwa imejifunga kwa kodi za pango zilizopanda kila mwaka, huku halmashauri zikibana malipo na kupunguza wateja. Ujira mdogo nao uliwafanya wenyeji waiache kazi hii. Mwaka 2022 mlango wa viza ulifunguliwa kwa watunzaji kutoka nje, na wengi walitoka Afrika. Julai 2025 mlango huo ulifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka ng'ambo.

Nne, huhamia kwa familia, hasa kwa mabinti na wake, wanaotunza bila ujira. Na mwisho, huhamia kwa kesho. Kwa kuwa nafasi katika nyumba ya matunzo ni wajibu wa sheria, kinachokatwa kwanza ni kile kisicholazimishwa wazi: mahali pa wazee kula pamoja mchana, usafiri wa kuwafikisha huko, mtu wa kubisha hodi. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikichelewesha siku ya kuhamia makaoni. Akiba ya mwaka huu inakuwa deni la mwaka ujao.

Hitimisho

Tume ya Andrew Dilnot ilipendekeza mwaka 2011 kwamba kuwe na kikomo cha gharama ambazo mtu mmoja angelipa maishani mwake. Kikomo cha pauni 86,000 kilipangwa, kikaahirishwa, kikafutwa Julai 2024. Tume nyingine, chini ya Louise Casey, ilianza kazi mwaka 2025 na imepewa hadi mwaka 2028.

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unashughulika na jambo hili hili: ni wajane gani waandikwe, jamaa wafanye nini, na kanisa lisielemewe ili liweze kuwasaidia wajane walio wajane kweli kweli. Mtume haoni haya kutaja mipaka ya mfuko, lakini anaitaja waziwazi, na kila mhusika anajua fungu lake. Kosa la utaratibu tulioueleza si kwamba una mipaka. Kosa ni kwamba mipaka yake imefichwa, hata anayeubeba mzigo huugundua siku ya kuletewa hesabu. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kabla hatujaahidi matunzo, iwe kwa sheria ya nchi au kwa azimio la usharika, yatupasa tuuinue kwanza mzigo huo tuone uzito wake, kisha tuseme mbele ya wote ni nani atakayeubeba.