Pole haitoshi pale moto ulipotoka kwako

Jumapili hii naomba tukae kidogo na neno ambalo huenda umeshalisema mara tatu tangu uamke: pole.

Ukifika Kifanya, kusini mwa mji wa Njombe, mwezi wa saba, utalipokea kabla hujashusha begi. Baada ya "kamwene" zinafuata pole na safari, pole na baridi, na kama umebeba kitu, pole na mzigo. Hakuna aliyekukosea. Wageni kutoka Ulaya huwa wanashangaa: mtu anajikwaa barabarani, na aliye ng'ambo anamwambia pole. "Kwani wewe ndiye uliyeniangusha?" Hawajui kwamba kwetu neno hili halitafuti mwenye kosa. Linasema tu kwamba nimeona kilichokupata. Nasi hujibu, "Nimeshapoa," hata kama bado tunachechemea.

Ni neno zuri, na silipigi vita. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema kitu, na hizo ndizo siku walizofanya vema. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Wangesema pole wakanyamaza, kitabu kile kingekuwa kifupi.

Lakini tazama sarufi yake, msomaji. "Pole" haina mtu ndani. Utaweza kuifanya "poleni" wakiwa wengi, basi. Hakuna mimi wala wewe. Sasa chukua "nimekukosea". Humo tumo wote wawili: ni- ndiye mimi niliyetenda, -ku- ndiye wewe uliyetendewa. Huwezi kulitamka ukajificha. Na "nisamehe" ni ombi, kwa hiyo mwenzako anaweza kukataa. Pole haikataliwi. Labda ndiyo sababu tunaipenda kupita kiasi.

Niliyaona haya Kifanya. Bibi mmoja mjane alikuwa na shamba la misonobari, ekari moja na nusu. Wanaoijua Njombe wanajua kwamba miti ya mbao ndiyo benki ya mzee: unapanda, unasubiri miaka zaidi ya 10, kisha unalipa ada za wajukuu. Mwisho wa kiangazi jirani yake alikuwa akisafisha shamba kwa moto. Upepo ukaja. Hakuwa amelima njia ya kuzuia moto. Hadi jioni, miti ya bibi ilikuwa imesimama myeusi kama nguzo.

Kijiji kizima kilikwenda kumpa pole, na jirani akaenda kati ya watu. Akasema, "Pole sana, bibi. Ni bahati mbaya." Akaweka noti mbili za shilingi 10,000 mkekani, kama tunavyotoa rambirambi.

Bibi akazisogeza pembeni kwa kidole. "Mwanangu," akasema, "pole amenipa hata kondakta wa basi la Songea, alisimamisha gari akashangaa. Na wewe unaniletea ileile ya kondakta?"

Watu wakatazama chini. Mimi pia.

Nilizungumza na yule jirani baadaye. Si mtu mbaya, huimba kwaya. Aliniambia ukweli: aliogopa kwamba akitamka "nimekosa" mbele ya mashahidi, kesho yake angeitwa kwenye baraza la kata kulipa. Pole ilikuwa salama. "Bahati mbaya" ilikuwa salama zaidi, maana bahati haina nyumba ambayo mtu atakwenda kuidai.

Wacheki, huko Ulaya ya kati, nao wamegawa maneno yao kama sisi. Anayeomba radhi husema *promiňte*. Anayehuzunika pamoja nawe husema *je mi to líto*. Msibani husema *upřímnou soustrast*, na hilo la mwisho lina maana ya kuteseka pamoja. Ila pale sisi tunaposema "kwa bahati mbaya", wao husema *bohužel*, neno lililoungwa kutokana na Mungu na huzuni, kana kwamba jambo hili linamhuzunisha Mungu. Nadhani wengi wao hawalifikirii tena wanapolisema, kama sisi tusivyofikiria pole. Lakini jaribu kulisema mbele ya shamba lililoungua kwa moto wako.

Zakayo, msomaji, hatuambiwi popote kwamba alisema pole kwa watu wa Yeriko. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa atarudishiwa mara 4. Na Bwana alipofundisha juu ya sadaka, alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache pale pale madhabahuni uende kwanza kupatana naye. Hakusema utume salamu. Jiulize ni bahasha ngapi zitawekwa kapuni leo huku mwenye neno juu yetu ameketi benchi la nyuma.

Jirani yule alirudi kwa bibi siku ya kazi, bila kundi, akiwa na jembe. Nilikuwepo kwa sababu aliniomba nisimame karibu. Alisema akiwa bado nje: "Bibi, moto ulitoka kwangu. Sikulima njia ya moto. Nimekukosea, nisamehe." Hakuongeza bahati wala upepo.

Bibi alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikaanza kusikia baridi. Kisha akauliza, "Miche utaleta mingapi?"

Mvua za mwezi wa 11 zilipoanza, jirani alikuwa akichimba mashimo katika ekari ile. Nilipoaga, bibi alikuwa bado hajasema kama amesamehe. Alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, akimwambia mashimo yaachane hatua tatu.