Je, Mwezi Mpevu Ukikaribia Dunia Huleta Maafa?

Jumamosi jioni, Mei 22, 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni na kumwaga lava iliyoteremka mpaka viungani mwa mji wa Goma. Siku nne baadaye mwezi mpevu ulichomoza ukiwa karibu na dunia kuliko ilivyo kawaida yake, na siku hiyohiyo wakazi wa pande za Bahari ya Pasifiki waliuona umepatwa. Kesho yake, Mei 27, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhamwa, na mamia ya maelfu ya watu wakashika njia za Sake na Rwanda huku ardhi ikiendelea kutetemeka chini ya miguu yao.

Mtu wa Kivu aishiye Dzaleka, wilayani Dowa katika nchi ya Malawi, anayo haki ya kuuliza iwapo mambo hayo mawili yalihusiana. Swali lake si la mchezo. Dzaleka, iliyo kilometa arobaini na kitu kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa enzi za Rais Kamuzu Banda, na tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi. Leo inawahifadhi zaidi ya 50,000, na nyumba zao nyingi ni za matofali ya udongo yasiyochomwa. Mtu alalaye ndani ya kuta za namna hiyo hana budi kujua atazame dalili ipi: ya juu mbinguni au ya chini ukutani.

Kwanza ifahamike kwamba mwezi hauizunguki dunia katika duara kamili. Njia yake imerefuka kidogo kama yai. Kwa wastani mwezi huwa mbali nasi kwa kilometa 384,400, lakini hukaribia mpaka kama kilometa 356,500, na hujitenga mpaka zaidi ya 406,000. Ukaribu huo ukiangukia siku ya mwezi mpevu, ndipo watu huusifu kwa ukubwa na nuru yake. Jina la Kiingereza ambalo magazeti hulitumia siku hizi, lenye maana ya "mwezi mkuu", halikutoka kwa wanajimu wa sayansi. Lilibuniwa mwaka 1979 na Richard Nolle, mpiga falaki wa Marekani, ambaye ndiye pia aliyeeneza dhana ya kwamba siku hizo ni za matetemeko na dhoruba.

Hata hivyo, haifai kumcheka kabisa. Nguvu ya mwezi ni ya kweli, na mtu wa pwani huijua tangu utotoni. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Mwezi ukiwa mahali pake pa karibu kabisa, mvuto huo uletao kujaa na kupwa huzidi ule wa wastani kwa karibu robo nzima. Tena hauvuti bahari peke yake. Ardhi ngumu nayo huinuka na kushuka kila siku kwa kiasi cha sentimeta thelathini hivi, bila sisi kuhisi, kwa kuwa nyumba, miti na milima huinuka pamoja. Ziwa Malawi, kwa ukubwa wake wote, halionyeshi kujaa na kupwa kwa namna ambayo mvuvi wa Salima angeiona kwa macho. Kina chake hupanda na kushuka kwa sababu ya mvua, jua na upepo.

Basi, je, mwinuko huo mdogo waweza kuipasua ardhi? Watu wa Malawi wanayo kumbukumbu ya kupimia. Usiku wa Machi 10, 1989, tetemeko kubwa liliipiga Salima, mashariki ya Lilongwe. Watu 9 walikufa, na wapatao 50,000 wakapoteza makazi, kwa maana nyumba za udongo zilianguka ovyo. Mwezi wa usiku ule haukuwa mpevu. Ulikuwa mchanga wa siku tatu. Mwezi Desemba 2009 ilikuwa zamu ya Karonga, na huko ardhi ilitetemeka kwa majuma kadhaa, mwezi ukapungua, ukaandama na kukua tena. Sababu ya matetemeko yote hayo ni Bonde la Ufa, ambamo bara la Afrika linatengana polepole, milimeta chache kwa mwaka, na miamba hujikaza miaka mingi kabla ya kukatika.

Mwenye kuutetea mwezi atasema kwamba siku tatu baada ya mwandamo si mbali. Lakini na ahesabu kwa vidole. Siku tatu kabla na tatu baada ya mwezi mpevu, pamoja na siku yenyewe, ni siku saba; ukifanya vivyo hivyo kwa mwandamo utapata kumi na nne. Mwezi mzima una siku ishirini na tisa na nusu. Kwa kipimo hicho karibu nusu ya maafa yote, hata ajali za baiskeli, yatakuwa yametokea "karibu na" mwezi fulani wa kuogofya! Nyiragongo lenyewe lililipuka pia Januari 17, 2002, na lava ikapita katikati ya Goma, ilhali mwezi ulikuwa mwembamba wa siku nne tu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2016 Satoshi Ide na wenzake wa Japani walionyesha kwamba matetemeko makubwa sana huelekea kutokea zaidi nyakati ambazo mvuto wa mwezi na jua umeikaza miamba kwa nguvu, na miongoni mwa mifano yao lilikuwamo lile la Sumatra la Desemba 26, 2004, ambalo mawimbi yake yaliua watu mpaka Somalia, Kenya na Tanzania. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, ni kweli; lakini ulikuwa karibu kufika mahali pake pa mbali kabisa na dunia. Naye Susan Hough wa Marekani alichapisha mwaka 2018 makala iliyouliza kama matetemeko makubwa ya dunia yana siku wanazozipenda katika mwaka au katika mwezi. Muhtasari wake ulikuwa na neno moja tu: Hapana.

Maneno ya wataalamu hao hayapingani sana kama yanavyosikika. Kuku akirukia juu ya gunia la mahindi lililokwisha kuegemea ukingoni, gunia laweza kuanguka; lakini hakuna awezaye kusema kuku amelisukuma, wala kuwachunga kuku hakutamwambia mtu gunia lipi litaanguka lini. Mnamo Novemba 2016, siku moja hivi kabla ya mwezi kufika karibu kuliko wakati wowote tangu 1948, New Zealand ilitikiswa na tetemeko kubwa la Kaikoura. Kwingineko duniani mwezi uleule uliangaza tu.

Tufani ni habari nyingine. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, nacho hakiungoji mwezi. Kimbunga Freddy cha mwaka 2023 kilidumu siku 36, muda mrefu kuliko kimbunga chochote kilichopata kupimwa, kikapita mwezi wa kila hali, mwandamo na mpevu. Katikati ya Machi kiliposhusha mvua kubwa kusini mwa Malawi na milima ikaporomoka juu ya nyumba za Blantyre, mwezi ulikuwa unapungua kuelekea nusu. Watu 679 walihesabiwa kuwa wamekufa, na zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Aliyekuwa akiuogopa mwezi mpevu wa Machi 7 angekwisha kupumua na kurudi kulala ndani.

Mahali pamoja tu ndipo mwezi huhesabiwa kweli katika maafa, napo ni ufukweni. Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, usiku wa Machi 14 kuamkia 15, 2019, wakati wa maji mafu. Huko tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa hupita mita 6 siku za bamvua. Juma moja baadaye ulichomoza mwezi mpevu wa karibu. Laiti kimbunga kingechelewa mpaka siku hizo, bahari ingeingia mjini mbali zaidi.

Dzaleka na Lilongwe haziko ufukweni. Wakazi wake yawapasa kutazama matone na kuta: mfereji wa kupitisha maji nyuma ya nyumba uchimbwe kabla ya Novemba, chini ya ukuta pajengwe kizingo cha mawe, na kitanda cha watoto kisiwekwe chini ya ukuta mrefu wa kichwa cha nyumba, ambao ardhi ikitikisika huwahi kuanguka. Kadi ya mgao na hati za ukimbizi zifungwe katika mfuko wa nailoni mahali ambapo mkono utazifikia gizani. Tahadhari za Idara ya Maafa ya Lilongwe, na matangazo ya Redio Yetu ya hapo makazini, yasikilizwe kila jioni ya masika. Ukuta uliolowa ukianza kuonyesha ufa mpya, au mlango uliokuwa ukifunga vyema ukigoma ghafla, watu watoke usiku huohuo wakalale kwa jirani.