Dhahabu haitoki kwenye kaboni kwa moto peke yake

Mchenjuaji wa Geita au Kahama akimaliza kupitisha marudio yake, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, kwenye sayanaidi, kinachopelekwa elusheni, yaani kuitoa dhahabu kwenye kaboni, ni magunia ya kaboni hiyo. Ni vifuu vya nazi vilivyochomwa kitaalamu, na vitundu vyake ndivyo vimenasa dhahabu. Wengi hudhani kilichobaki hapo ni kuchochea moto tu.

Njia maarufu ni ya J. B. Zadra, Mmarekani aliyeibuni miaka ya mwanzo ya 1950. Maji ya moto yenye kostiki kama asilimia 1 na sayanaidi kidogo hupitishwa kwenye mnara uliojaa kaboni. Joto huibandua dhahabu, maji huipeleka kwenye seli za umeme, nayo hunata kwenye pamba ya chuma, jamaa ya stilwaya ya kusugulia masufuria. Maji hurudi mnarani, mzunguko unaendelea.

Sasa, Geita iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemkia nyuzi 96 hivi. Kwenye tangi la wazi, choma dizeli utakavyo, utaongeza mvuke tu, joto halipandi. Kazi hula siku mbili hadi tatu. Mnara ukifungwa na mgandamizo ukizidi mara nne ya ule wa hewa, maji hufika nyuzi 140 bila kuchemka, na saa 8 hadi 14 zinatosha.

Kwenye minara ya kusafishia mafuta ghafi, mvuke hupulizwa makusudi ili mafuta mepesi yapande bila joto la kuyaunguza. Huku kwetu mvuke ni adui. Geji ya mgandamizo ikishuka ghafla, sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, maji yaliyobaki hutafuta njia ya mkato, na kaboni nyingine haiguswi kabisa. Ndiyo maana fundi mzuri hushughulika zaidi na valvu na pampu kuliko boila.

Chokaa nayo huziba vitundu, hivyo kaboni huoshwa kwa asidi. Isuuzwe mpaka asidi iishe: asidi ikikutana na sayanaidi hutoa gesi inayoua.

Mwenye kaboni adai sampuli mbili zipimwe maabara, ya kabla na ya baada. Iliyokamuliwa vizuri hubaki na gramu 50 hadi 100 kwa tani. Ikisoma 400, gramu 300 hivi za ziada zimebaki ndani ya kila tani, na aachiwaye kaboni hiyo ndiye aliyezipata.