Kampuni ikibadilika, mkataba wa shamba lako haufi

Mkulima aliyekodisha kipande cha shamba kwa mnara wa simu hushtuka akiona jina jipya getini. Je, kodi yake imepotea?

Angalia kwanza kilichobadilika. Nchini Tanzania, Celtel iliitwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Kubadili jina au kuuza hisa hakuiondolei kampuni deni.

Mnara wenyewe ukiuzwa, kama Vodacom ilivyokubaliana na Helios Towers mwaka 2013, ni jambo jingine. Mnunuzi hubanwa akipokea mkataba pamoja na mnara. Mwuzaji naye hatoki kwenye deni bila ridhaa yako, isipokuwa mkataba ulimruhusu.

Hivyo dai barua ya makabidhiano, na usisaini mkataba mpya kabla ya kuulinganisha na wa zamani.