Kabla hujasema 'gitaa au mimi'
Jamani, kuishi na mpiga gitaa kuna kazi yake! Huku Gare, Lushoto, baridi hutuingiza ndani mapema. Mume wangu anataka kufuatisha Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga kwa gitaa kavu, mimi na mtoto tunataka kulala. Ugomvi kila usiku. Dawa tukaitafuta kwenye nyuzi.

Za kwanza, shaba asilimia 80 na zinki 20. Zikiwa mpya zinalia kwa ukali, hadi jirani anasikia, ila jasho la vidole huzichosha upesi.

Za pili, shaba na bati yenye fosforasi kidogo. Mlio mnene zaidi, na zinadumu kuliko zile.

Za tatu ni bapa, zilizozungushiwa utepe wa chuma. Kidole kinateleza bila mkwaruzo, sauti nzito na fupi, jazz yenyewe! Bei iko juu, na kwenye kwaya zitamezwa na sauti za watu, lakini zinakaa muda mrefu.

Kwetu bapa zimeshinda: yeye anapiga, mtoto halalamiki, sisi tunapiga stori. Mwenzio naye anakukosesha usingizi? Mbadilishie nyuzi kwanza.