Ilani ya Hakimiliki na Namna ya Kuijibu: Mwongozo kwa Vyama vya Kiswahili

Utangulizi

Vyama vingi vya wanafunzi wa Kiswahili husambaza maandishi kwa njia ya intaneti: mashairi, tahakiki, hata vitabu vilivyoadimika madukani. Nia huwa njema, kwani mwanafunzi asiyekipata kitabu hawezi kukihakiki. Hata hivyo, nia njema si kinga mbele ya sheria. Mwandishi wa makala haya alipokuwa mhariri wa chama cha wanafunzi, alipokea ilani kupitia kwa kampuni iliyohifadhi tovuti ya chama. Mchapishaji mmoja alidai kuwa tumekiuka hakimiliki katika riwaya iliyonakiliwa kurasa zote kwa skana, na katika tahakiki ya mwanachama iliyodondoa beti mbili za shairi. Wanachama waligawanyika: baadhi walitaka kila kitu kifutwe usiku ule, wengine walitaka ilani ipuuzwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zilikosea.

Ilani ni nini?

Nchini Kenya, suala hili linaongozwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019. Kwa mujibu wa kifungu cha 35B, mwenye haki anaweza kuitaka kampuni ya huduma za intaneti iondoe maudhui yanayokiuka haki zake. Ilani halali sharti iwe ya maandishi, itiwe sahihi, ieleze kazi inayohusika na haki iliyokiukwa, ionyeshe mahali maudhui yalipo, na iambatane na hati ya kiapo au tamko lingine la kuthibitisha umiliki. Kampuni ikishaipokea, inapaswa kumjulisha aliyeyaweka maudhui hayo na kumpa nakala. Kisha itayafunga katika muda wa saa 48 za kazi, isipokuwa ipokee ilani ya kupinga.

Yafaa ieleweke kwamba ilani si hukumu. Ni dai la upande mmoja. Lakini wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Anayenyamaza katika muda huo huonekana kana kwamba hana la kujitetea.

Hatua za kufuata

Kwanza, hakikisha kwamba ilani ni ya kweli. Wasiliana na kampuni kwa anwani unayoijua, wala si kwa kiungo kilichomo katika barua yenyewe. Ilani ya kifungu cha 35B huomba maudhui yaondolewe. Barua inayodai fedha zitumwe kwa simu upesi upesi yapaswa kutiliwa shaka.

Pili, pima kila kazi peke yake. Je, muda wa hakimiliki umekwisha? Kazi ya fasihi hulindwa katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa maandishi yake nchini Kenya ulikoma mwishoni mwa mwaka 2012. Euphrase Kezilahabi alifariki mwaka 2020, hivyo kazi zake zingali zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2070. Tahadhari lakini: dibaji, maelezo, tafsiri na michoro ya toleo jipya huweza kuwa na hakimiliki yake. Aidha, kitabu kuadimika madukani hakukifanyi kuwa mali ya umma.

Kama muda haujakwisha, jiulize: je, tulipewa idhini? Kama hatukupewa, je, matumizi yetu yanaruhusiwa? Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya binafsi, na uhakiki, mradi chanzo kitajwe ipasavyo. Dondoo fupi ndani ya tahakiki ina utetezi. Riwaya nzima iliyo wazi kwa umma haina.

Tatu, jibu kwa maandishi. Palipo na kosa, ondoa na ueleze kuwa umeondoa. Pasipo na kosa, andika ilani ya kupinga ukieleza msingi wako kwa kila kazi. Ilani ya kupinga isiandikwe kwa hasira wala kwa uongo, maadamu ilani ya uongo, iwe ya kudai au ya kupinga, ni kosa la jinai. Hifadhi nakala za barua zote pamoja na tarehe zake.

Tovuti ikiwa imehifadhiwa Marekani, sheria ya huko ya mwaka 1998 ndiyo hufuatwa na kampuni. Ilani ya kupinga ikipokelewa, maudhui hurejeshwa baada ya siku za kazi 10 hadi 14, isipokuwa mlalamishi afungue kesi. Hata hivyo, anayepinga hukubali mamlaka ya mahakama za nchi hiyo; basi na ashauriane na mwanasheria kwanza.

Hitimisho

Sisi tuliiondoa riwaya, tukamwomba radhi mchapishaji, na kuitetea tahakiki. Tahakiki ilibaki. Laiti tungefuta kila kitu, tungekuwa tumekiri kwamba mhakiki hana haki ya kunukuu, na taaluma yetu ingekosa mguu wa kusimamia. Laiti tungepuuza, tungekuwa tumewanyang'anya jasho lao waandishi wale wale tunaojidai kuwaenzi. Njia bora ni kuomba idhini mapema. Barua moja kwa mwandishi au mchapishaji hugharimu kidogo, na jibu lake, liwe ndiyo au la, hutuondolea fadhaa ya kupokea ilani.